Duka la Chambo na Kura ya Sita

"Wakazi wote wa jiji la Port Harlow wanatangaziwa ya kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, bata bukini waliomo katika Bustani ya Ukumbusho hawataruhusiwa kulishwa donati za aina yoyote, ziwe na jamu au zisiwe nayo, isipokuwa kwamba katazo hili halitahusu Jumanne ya kuamkia Kwaresima, ambayo kwa desturi ni siku ya kula donati, ambapo Baraza linatambua kuwa halina uwezo wa kulitekeleza."

Meya Verna Kilbane alilisoma tangazo hilo akiwa amesimama, kwa sauti ambayo wakuu wengine wa miji huiweka akiba kwa ajili ya mafuriko. Watu waliojaa ukumbini wakapiga makofi, wengine kwa dhati. Kisha akaketi, akavua miwani, na mwenyekiti wa baraza, Odell Gaither, akasema kwamba sasa wangelishughulikia jambo lililowatoa watu majumbani mwao katika theluji ya Februari.

Jambo lenyewe lilikuwa ziwa. Port Harlow ni mji wa ziwa ambao kwa muda wa kizazi kizima haukuwa na ziwa. Kampuni iliyokuwa ikipakia makaa ya mawe katika gati letu ilifunga shughuli zake, ikaondoka na mashine zote zilizokuwa na thamani, ikatuachia chuma chenye kutu na uzio wa seng'enge uliozunguka ufuo wote. Tangu hapo, mtu aliyetaka kuliona Ziwa Erie bila kuvunja sheria ilimbidi alazwe hospitali, ghorofa ya tatu, upande wa kaskazini. Waliosalia walipitia tundu la uzio lililokuwa nyuma ya duka la chambo, wakiwainua watoto wao juu ya nyaya kama watu wanaotoroka nchi.

Serikali kuu huko Washington ilikuwa imetenga fedha kwa ajili ya miji ya namna hiyo. Meya Kilbane aliziwinda fedha hizo kwa miaka, kwa subira ambayo mimi, mwandishi wa gazeti la mji, niliidhania ni upungufu wa burudani. Hatimaye maombi yalikamilika, yakabaki na pengo moja. Washington haitoi fedha kwa mji ambao haujatamka rasmi, kupitia baraza lake, kwamba unazitaka. Sharti ambalo mtu asiyewajua madiwani wetu angeliona kuwa ni la kupoteza wakati.

Hapo ndipo barafu ilipoingia.

Katiba ya jiji letu iliandikwa na watu ambao hawakuaminiana, nao walikuwa na sababu. Inataka kila azimio, hata la rambirambi, lisomwe katika mikutano mitatu tofauti kabla ya kupigiwa kura. Azimio la ufuo lilisomwa mara ya kwanza baada ya mwaka mpya. Siku ya kusomwa mara ya pili, ziwa liliganda vizuri kwa mara ya kwanza baada ya misimu kadhaa ya barafu laini isiyoweza kumbeba paka. Kufikia mchana, ziwa lilikuwa limejaa vibanda vya wavuvi, na kufikia jioni, diwani mmoja tu, Bi. Phyllis Strand, ndiye aliyefika ukumbini. Aliketi peke yake chini ya picha za mameya waliokufa, akaomba kuwapo kwake kuandikwe katika kumbukumbu, akarudi nyumbani. Wanne walikuwa barafuni wakivua. Wa sita alikuwa Florida, anakokwenda kila majira ya baridi. Wa saba, Ambrose Tokarski, alikuwa dukani kwake akiwauzia wenzake chambo.

Kwa hiyo jioni ile ya Februari ulikuwa mkutano wa mwisho kabla mlango wa Washington haujafungwa. Ilibaki njia moja: kuutengua utaratibu wa kusoma mara tatu, jambo ambalo katiba inaliruhusu kwa shingo upande, iwapo madiwani sita kati ya saba watakubali.

"Ndugu madiwani," alianza Odell Gaither, ambaye alifanya kazi katika kiwanda cha chuma hadi kilipofungwa, na ni shemasi wa kanisa lake, "tuko katika hali hii kwa sababu baadhi yetu mwezi uliopita waliona samaki ni muhimu kuliko wananchi."

"Odell," akasema Ambrose Tokarski, "wewe ulikuwa nyuma ya kibanda cha kijani, ukadhani sikukuona."

"Nilikwenda kuwatafuta wenzangu."

"Na keekee ya kutobolea barafu begani?"

Ukumbi ukacheka. Odell akagonga nyundo yake ya mbao, akiwa hana hakika anamnyamazisha nani.

"Na aliyewauzia vidagaa ni nani?" akauliza Bi. Strand, ambaye hakuwa amesamehe.

"Mimi, Phyllis. Nakiri. Tena niliwaongezea na vya bure."

Ambrose alikuwa mtu mnene, mwenye masharubu ya kijivu na mikono iliyopasuka kwa maji baridi. Duka lake lilikuwa nyumba ya mbao mwisho wa barabara ya gati, alilolirithi kwa baba yake, naye kwa baba yake: matangi ya vidagaa hai, jiko la kuni, na viti ambavyo wakati wa baridi havikuwahi kuwa vitupu. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwahi kujifunza nyingine. Ardhi ilikuwa ya jiji, yeye akiwa mpangaji. Diwani haruhusiwi kuingia mkataba na jiji analoliongoza, lakini mkataba wa Ambrose ulikuwapo kabla hajachaguliwa, kwa hiyo sheria iliuacha kama ilivyoukuta.

Alipogombea udiwani alitoa ahadi moja tu, kwamba uzio ule utang'olewa. Wagombea wengine waliahidi maendeleo. Nilipomuuliza wakati ule kwa nini hakuahidi kitu kikubwa zaidi, alinijibu kwamba amechoka kuwashikia watu nyaya za seng'enge ili suruali zao zisichanike.

Katika ramani ya kwanza ya wahandisi, njia ya kutembelea kando ya ziwa ilipita nyuma ya duka lake. Ramani ya pili ilikuja baada ya mwaka mpya. Washington ilikuwa imefafanua kwamba ufuo wote unaofadhiliwa uwe wa umma, bila mpangaji yeyote ndani yake, na njia mpya ilipita katikati ya nyumba, mahali palipokuwa na jiko. Nilikuwapo alipoonyeshwa. Aliitazama, akafuata mstari kwa kidole, akasema, "Angalau wamechagua mahali penye joto." Baada ya hapo hakusema lolote juu ya ramani ile, na mji mzima ukajijazia wenyewe. Waliompenda walisema atapiga kura ya kupinga. Wasiompenda walisema hatapiga kabisa. Jioni ile watu walikuja kumtazama yeye, na azimio lilikuwa kisingizio.

"Tuanze na Chet," akasema Odell. Karani akaweka simu katikati ya meza na kuongeza sauti.

"Haloo? Mnanisikia?" Ilikuwa sauti ya Chet Buckner, diwani wetu wa Florida. "Huku joto jamani, nimevaa kaptura!"

"Tunakusikia, Chet, na tunakuchukia," akasema Meya. "Uko tayari kupiga kura?"

"Tayari kabisa! Ndiyo kwa kila kitu!"

"Samahani, Bwana Mwenyekiti," akasema Wendell Sipes.

Madiwani wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Wendell Sipes alikuwa mwanasheria wa jiji, kijana mwembamba ambaye hakuwahi kusema samahani bila kufuatiwa na hasara.

"Katiba inasema diwani apige kura akiwapo ukumbini."

"Sauti yangu iko ukumbini!" akapaza Chet.

"Inasema diwani, Bwana Buckner. Haisemi sauti yake."

"Mwekeni mtu kitini kwangu ashike simu!"

"Chet," akasema Odell kwa upole wa kishemasi, "nenda kaogelee."

Simu ikakatwa. Wakabaki sita, nao walihitajiwa sita. Macho yote yakaelekea mwisho wa meza, alikoketi Ambrose akivunjavunja kijiti cha kukorogea kahawa.

"Samahani tena," akasema Wendell, na safari hii alionekana kuumia mwenyewe. "Bwana Tokarski ana mkataba wa upangaji ndani ya eneo la mradi. Ana maslahi. Hawezi kupiga kura."

Minong'ono ikaenea ukumbini. Meya Kilbane akafumba macho. Alikuwa amejua, nadhani, na alikuwa ametumaini kwamba mwanasheria hakujua.

"Subiri kidogo, kijana wangu," akasema Ambrose. "Maslahi yangu ni yapi? Azimio likipita, nyumba yangu inavunjwa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikisema ndiyo, najipiga teke mwenyewe."

"Ni hivyo."

"Na sheria inanikataza kujipiga teke?"

"Sheria haiulizi teke linaelekea wapi, bwana. Inauliza kama mguu ni wako."

Lilikuwa jibu zuri, na kwa heshima yake Wendell hakuonekana kulifurahia. Ambrose alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Kwa hiyo ulikuja kupiga ndiyo?" akauliza Bi. Strand.

"Phyllis, niligombea ili uzio utoke. Ulidhani nilimaanisha uzio wote isipokuwa wa kwangu?"

Wengi walikuwa wamedhani hivyo hasa, mimi nikiwa mmojawapo.

Diwani Duane Fisk, fundi wa mabomba, mtu mwema asiyependa kukwama, aliinama mezani. "Sikilizeni. Jambo dogo hili. Ambrose aseme anaacha upangaji. Basi, hana maslahi, anapiga kura, tunapeleka makaratasi Washington. Wiki ijayo tunamrudishia duka mpaka siku wavunjaji watakapokuja. Nani atajua?"

Watu mia walikuwa wamemsikia. Hata hivyo, wazo lile lilizunguka meza, na niliona likipokelewa. Odell alitazama dari. Meya hakufungua macho. Miji mingi imejengwa kwa mawazo mabaya kuliko hilo, na baadhi yake inapendeza.

"Duane," akasema Ambrose, "kuna siku ulinunua kwangu dazeni ya vidagaa, ukafika nusu ya ziwa, ukavihesabu, ukakuta nimekosea nimekuzidishia kimoja. Ukafanya nini?"

Duane akawa mwekundu. "Nilikirudisha."

"Ulikirudisha. Kwa miguu. Katika upepo ule. Kilikuwa kimekwisha kufa. Sasa mtu wa namna hiyo leo anataka kunifundisha ujanja?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, na wazo la Duane likafia humo bila mtu kulipinga.

Ambrose akasukuma kiti chake nyuma na kusimama, jambo ambalo madiwani hawalifanyi. "Wendell. Nikiacha kwelikweli. Bila kurudishiwa. Naweza kupiga kura leo?"

Mwanasheria alifungua katiba, ingawa naamini aliijua kwa moyo, alitaka muda. "Mkataba unaruhusu mpangaji kuuacha wakati wowote, akimtamkia Meya, na Meya akikubali. Ukishauacha, huna maslahi. Lakini lazima nikuulize mbele ya watu. Kuna mtu yeyote amekuahidi kitu kama malipo ya jambo hili?"

"Mke wangu ameniahidi mambo mengi. Hakuna hata moja zuri."

"Bwana Tokarski."

"Hakuna, kijana. Hakuna mtu."

"Na unaelewa kwamba ukiwa diwani huwezi kuingia mkataba mpya na jiji? Hata Washington ikikataa. Hata nyumba isipovunjwa. Ukitoka leo, umetoka."

Nilimtazama usoni wakati huo, kwa kuwa nilikuwa nimeketi karibu, katika safu ya waandishi wa habari, ambayo siku hizi ni kiti kimoja. Sikuona utulivu wa mashujaa. Shavu lake lilikuwa likicheza. Alikuwa hajui. Alidhani fedha zisipopatikana atarudi kwenye jiko lake, na kijana yule mwaminifu alikuwa ameufunga mlango huo mbele ya mji mzima.

"Ambrose, kaa chini," akasema Meya. "Tutafute njia nyingine. Tuombe tena mwaka kesho."

"Mwaka kesho barafu itashika tena, Verna."

"Basi tusogeze ramani."

"Ulikwisha kuwaomba wasogeze. Najua uliwaomba. Kila aliyeko posta anajua uliwaomba."

Kutoka safu ya pili ikasikika sauti ya mwanamke. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kusema."

Alikuwa Lorraine Tokarski. Alikuwa akifuma soksi tangu mkutano uanze, na sasa alizishusha mapajani. Odell akamwambia kwamba kila mwananchi ana dakika tatu.

"Hazitahitajika zote," akasema Lorraine. "Ambrose, ukiacha duka, yale matangi hayaingii jikoni kwangu."

"Sawa, Lorraine."

"Wala kwenye gereji."

"Sawa."

"Na hao wazee wanaoota moto dukani kwako nisiwaone kwangu asubuhi wakiuliza kahawa iko wapi."

"Hao siwezi kuwaahidi. Hawana kwingine."

Lorraine alimtazama mumewe. Wameoana tangu wakiwa vijana, na kilichopita kati yao hapo hakikuwa cha kumbukumbu za baraza. Kisha akaziokota soksi. "Basi fanya ulichokuja kufanya, tuwahi kabla barabara hazijaganda."

Ambrose akamgeukia Meya. "Verna, mimi Ambrose Tokarski nauacha upangaji wa duka la chambo la barabara ya gati. Kuanzia sasa hivi. Niachie siku chache tu niwatoe samaki."

Verna Kilbane amekuwa meya kwa muda mrefu kuliko busara inavyoshauri. Nimemsikia akisema uongo mdogo wa kila aina unaohitajika ili theluji izolewe na takataka zichukuliwe. Jioni ile alipewa kitu alichokuwa akikitafuta kwa miaka. Alikunywa maji.

"Nimekubali," akasema. "Namshukuru Bwana Tokarski." Akaongeza, nje ya utaratibu, "Mjinga wewe."

"Andika na hilo," Ambrose akamwambia karani.

Karani aliita majina. Odell, ndiyo. Bi. Strand, ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hivyo mwezi uliopita mbele ya viti vitupu. Duane, ndiyo. Wengine wawili, ndiyo. Lilipofika jina la Tokarski, Ambrose alikuwa bado amesimama, akasema ndiyo, akaketi. Utaratibu ukatenguliwa, azimio likasomwa mara zilizosalia, kurasa zilezile, koma zilezile, likapigiwa kura, likapita bila pingamizi. Hakuna aliyepiga makofi. Watu ambao saa moja kabla walikuwa wamewashangilia bata bukini walikaa kimya, wakiyatazama magoti yao, na nadhani lilikuwa jambo la heshima kuliko yote niliyoliona ukumbi ule ukilifanya. Odell akagonga nyundo na kutaja ajenda iliyofuata, ununuzi wa chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Ambrose alichangia. Alisema ya mwaka jana ilikuwa na mchanga mwingi.

Sijawahi kuwa muumini wa mabaraza ya miji. Nimesoma historia ya kutosha kujua kwamba watu wakikusanyika chini ya bendera na kuwekewa maji ya kunywa, wengi wao hufanya vibaya kuliko kila mmoja angefanya akiwa peke yake. Kwa hiyo naandika kwa kusitasita kwamba jioni ile watu saba, nikimhesabu na mwanasheria, waliona njia fupi iliyo wazi mbele yao, wakaijadili, wakaicheka, na hawakuipita. Mmoja alilipa. Hakulipa kwa furaha, na hilo kwangu linaongeza thamani ya malipo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda barabara ya gati. Magari yalikuwa yamejipanga hadi kwenye reli ya zamani. Watu ambao hawakuwa wamevua tangu utotoni walinunua chambo. Mwalimu mmoja wa muziki aliondoka na ndoo ya vidagaa bila kujua atavifanya nini. Wavuvi walileta vigari vyao vya kuburuta, wakapakia matangi, viti, na hatimaye jiko lenyewe, ambalo Duane Fisk alilifungua bomba lake la moshi bila malipo na bila kuzungumza. Wazee wa dukani walisimama nje katika upepo wakitoa maelekezo.

"Inueni upande wa kushoto!"

"Hapo ni kulia, mzee."

"Kwako wewe. Mimi nimekaa upande wa pili tangu kabla hujazaliwa."

Ambrose alifunga mlango, akampa Meya ufunguo, na Meya akautia mfukoni bila kuutazama. Wiki ileile alipata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi la binamu yake, kaunta ya rangi. Aliniambia kwamba rangi haina tabu, haifi usipobadilisha maji. Aliniambia pia, nilipokuwa nimekwisha kugeuka kuondoka, kwamba asubuhi huamka wakati uleule wa kulisha vidagaa, akakaa kitandani akisikiliza, na kwamba Lorraine hujifanya amelala.

Jibu la Washington lilikuja majira ya joto. Liliandikwa vizuri. Lilisema maombi ya Port Harlow yalikuwa miongoni mwa yaliyoandaliwa kwa ubora wa hali ya juu, kwamba azimio la baraza lilikuwa mfano wa uungaji mkono wa wananchi, na kwamba fedha za awamu ile zilikuwa zimekwisha kabla ya kuifikia miji ya ukubwa wetu. Maombi yangeweza kuletwa tena katika awamu itakayofuata, yakiambatana na azimio jipya, kwa kuwa la zamani lingekuwa limepitwa na wakati.

Kwa hiyo uzio ulibaki, gati likabaki, na nyumba ya mbao ikabaki mwisho wa barabara, imefungwa, bila jiko, tundu la bomba la moshi likiwa limezibwa kwa kipande cha bati. Tundu la uzio pia lilibaki, ila sasa hakuna wa kuwashikia watu nyaya.

Mji ulipatwa na aibu, kitu ambacho kwa kawaida huuchukua muda mrefu. Watu walimzuia Meya dukani na kanisani wakidai Ambrose arudishiwe. Meya alimwita Wendell, na Wendell akasema samahani. Diwani haingii mkataba na jiji. Ili apewe duka, Ambrose angelazimika kujiuzulu udiwani. Akijiuzulu kabla ya awamu inayofuata, na Chet akiwa Florida, kura sita za kutengua utaratibu zisingepatikana iwapo barafu ingewachelewesha tena. Akipewa duka baada ya kujiuzulu, na Washington ikitoa fedha, angepaswa kuondolewa tena, safari hii akiwa na mkataba mpya na haki ya fidia, jambo ambalo lingeharibu maombi.

Odell Gaither alimwendea Ambrose kwenye kaunta ya rangi. Nilikuwapo kwa sababu nilihitaji nyeupe ya dari.

"Kaka," akasema Odell, "azimio jipya linakuja. Utalipigia kura?"

"Nitalipigia."

"Baada ya yote haya?"

"Safari hii ni rahisi, Odell. Sina cha kuacha." Akaufunga mkebe wangu wa rangi kwa kiganja, pande zote, kwa uangalifu. "Jiulizeni ninyi mtakuwa wapi siku hiyo. Mimi sikuuzii tena chambo, huna kisingizio."

Odell akaigeuza kofia yake mkononi. Akanunua brashi asiyoihitaji, akaenda zake.

Septemba baraza lilikutana kulijadili suala la nyumba ya barabara ya gati. Ukumbi ulijaa tena. Lorraine alikuwapo, akifuma kitu kikubwa kuliko soksi. Ambrose, kwa ushauri wa mwanasheria, alitoka na kusubiri nje ya ukumbi, ambako wazee wake walikuwa wamemwekea kiti. Mjadala ulikuwa mrefu na wa hisia. Bi. Strand alilia kidogo, akaomba isiandikwe, ikaandikwa. Kisha baraza, kwa kauli moja ya waliokuwapo, likaamua ya kwamba suala la matumizi ya nyumba hiyo lipelekwe katika Kamati ya Bandari ili lichunguzwe na kutolewa mapendekezo. Ya kwamba mwenyekiti wa kamati hiyo, Diwani A. Tokarski, asishiriki wala asiwepo kamati inapokutana kwa ajili hiyo. Na ya kwamba, kwa kuwa kanuni za kamati haziruhusu kikao kufunguliwa bila mwenyekiti wake, tarehe ya kikao cha kwanza itatangazwa baadaye.